Betri Iliyofichwa Katikati ya Nguo

Juma lililopita nilikuwa Kolo, wilayani Kondoa, penye michoro ya miambani iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Jioni, dukani kando ya barabara iendayo Babati, kijana mmoja alinijia na begi kubwa.

"Shikamoo, mzee. Kesho nakwenda Dodoma kupanda ndege, mara yangu ya kwanza. Pawabenki nimeifunga katikati ya nguo isiibiwe. Nimefanya sawa?"

"Marahaba, mwanangu. Itoe humo sasa hivi."

Alishangaa. Nami sikumlaumu, kwani kosa hilo nimewahi kulifanya. Niliitwa kutoka kwenye foleni, begi likafunguliwa, nikaambiwa "hairuhusiwi", basi. Niligomba sana, maana hakuna aliyenieleza sababu. Leo nitaieleza.

Ndege kubwa hujitengenezea umeme wake. Jenereta huzungushwa na injini, na kwa kawaida hutoa volti 115, mizunguko 400 kwa sekunde. Nyumbani tuna volti 230, mizunguko 50. Mizunguko mingi huwezesha mota na transfoma kuwa ndogo na nyepesi, na angani kila kilo ina gharama yake. Lakini viko vyombo ambavyo havipaswi kutegemea jenereta hizo. Kimojawapo ni redio ndogo ya kuwaita waokoaji ndege ikianguka. Hiyo hubeba betri yake yenyewe.

Sasa sikiliza yaliyotokea tarehe 12 Julai 2013. Ndege aina ya Boeing 787 ya Shirika la Ndege la Ethiopia ilikuwa imeegeshwa Heathrow, London, kwa saa kadhaa, bila abiria hata mmoja. Moto ukawaka karibu na mkia. Wengi walinyooshea kidole betri kuu za ndege hiyo, kwa kuwa Januari mwaka huohuo ndege za aina hiyo zilizuiwa kuruka kwa sababu ya betri hizo. Kumbe sivyo. Wachunguzi wa Uingereza walieleza mwaka 2015 kwamba moto ulianzia katika betri ya lithiamu ya ile redio ya dharura. Nyaya zake zilikuwa zimebanwa chini ya kifuniko, zikagusana, na seli moja ikawasha jirani yake. Kifaa cha kuokoa maisha kikaunguza ndege!

Ndugu msikilizaji, ikiwa betri iliyofungwa na mafundi yaweza kufanya hivyo, je, hii ya kwako uliyonunua kwa mchuuzi kituo cha mabasi? Ikipata moto chumba cha mizigo, hakuna mtu wa kuifikia. Gesi ya kuzimia moto iliyoko huko huweza kufifisha miali, lakini haiipozi betri. Ikiwaka mbele ya abiria, wahudumu wataiona na kuimwagia maji.

Kwa hiyo kanuni ni hii: pawabenki ikae katika mkoba wa mkononi. Isizidi wati-saa 100. Ile iliyoandikwa 20,000 ina kama wati-saa 74. Kati ya 100 na 160, omba kwanza ruhusa ya shirika. Zaidi ya hapo, iache nyumbani. Usiichanganye na funguo wala sarafu. Mashirika mengine yamekaza zaidi: Emirates, tangu 1 Oktoba 2025, imekataza kuitumia ndani ya ndege.

Kwa wenye viwanja na mashirika nina ombi moja. Tangazeni haya kwa Kiswahili, kwa sauti, mezani kabla begi halijapokelewa, na mseme na sababu. Mtu akijua sababu hatafuti njia ya kuficha. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na angani hakuna fundi wa kujenga ukuta.

Yule kijana aliitoa pawabenki yake, akaitia mfukoni. Namtakia safari njema, pamoja na wote waliokaa naye.