Minervali peke yake haitoshi

(Maneno tuliyosema kwenye mkutano wa wanachama, Goma)



Tumeombwa kusema juu ya vijana watatu ambao chama kiliwalipia masomo ya informatiki katika chuo kidogo hapa mjini. Tutasema ukweli, hata pale unapotugusa sisi tunaowafuata vijijini na mjini.

Wengi mmetuuliza: "Informatiki italeta nini mu nyumba? Si afazali mbuzi?" Ni swali la haki. Kambi za Kanyaruchinya, Bulengo na Lushagala zilipoondolewa mwanzoni mwa 2025, watu walirudi Masisi na Rutshuru wakakuta mashamba yamekuwa pori. Mtu hawezi kula kompyuta.

Basi tueleze kwanza wanachosoma. Mwaka wa kwanza wanajifunza algoritimu. Ni neno kubwa, lakini kila mama anaijua kazi yake: kwanza unatwanga sombe, kisha unaichemsha, kisha unaweka mafuta. Ukigeuza hatua, chakula kinaharibika. Mashine nayo inahitaji kuambiwa hatua kwa hatua, maana haina akili ya kukisia. Baadaye wanajifunza kuandika programu, kupanga data, na kuunganisha mashine kadhaa pamoja. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vya inchi yetu viliingia katika mfumo wa LMD: lisansi ni miaka mitatu, kredi 180. Zamani mtu alifanya miaka mitatu ya gradua, ndipo akaongeza miwili ya lisansi.

Sasa kosa letu. Tulihesabu minervali tu. Tuliona tumelipa, tukatulia. Kijana mmoja akaanza kuanguka mitihani, na sisi tukasema kati yetu kwamba pengine masomo yamemshinda. Siku tulipomtembelea alitufungulia kaye yake. Ilikuwa imejaa programu zilizoandikwa kwa bik, safi kabisa. Akasema: "Niko naandika mu kaye tu, sijaiona hata siku moja ikitembea." Hakuwa na mashine. Ile ya rafiki yake batri ilikufa, inawaka kukiwa kuren tu, na kuren inakuja usiku wa manane. Kutuomba aliona haya, kwa sababu chama kilikuwa kimeshamlipia. Mwaka wa pili aliacha. Leo anaendesha moto. Hatuidharau kazi hiyo, inalisha wengi hapa Goma. Lakini akili haikumpungukia. Sisi ndio tulikosa kuuliza.

Tufikiri kidogo: sehemu ya kuren ya mji huu inatoka Matebe, kwenye mto Rutshuru, kituo kilichofunguliwa mwezi wa kumi na mbili 2015. Inatoka kule kule tulikokimbia. Watoto wetu wanaikosa wakiwa mjini, na wazazi wao waliorudi karibu na mto huo, wengi bado wanawasha koroboi.

Wawili waliobaki wanatumia mashine moja kwa zamu. Mmoja, binti wa mama mjane, alichagua kwa kazi yake ya mwisho programu ya kuandika akiba ya AVEC. Aliomba madaftari ya kikundi kimoja cha wamama. Alipoingiza majina, mashine ilionyesha watu wengi kuliko wanachama waliopo. Kumbe mama mmoja aliandikwa mara mbili: pengine kwa jina la kwenye karata, pengine kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Akiba yake iligawanyika, na siku ya kugawa alipewa nusu tu. Kikundi kilimrudishia iliyobaki. Mama alisema: "Kumbe hakuna mwizi. Ni majina yangu tu yalikuwa yananiibia!" Watu walicheka, lakini miezi mingi watunza sanduku walikuwa wametazamwa kwa jicho baya.

Ndiyo jibu letu kwa swali la mbuzi. Tunahitaji mbuzi, na tunahitaji pia mtu wetu anayejua kuhesabu mali yetu bila kutukosanisha.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, tusichukue mwanafunzi mpya mpaka hawa wawili wamalize. Pili, bajeti ya kila mmoja ihesabu mashine, kuchajisha, mega, na malipo ya kazi ya mwisho. Tangu benki zilipofungwa mjini mwezi wa kwanza 2025, makuta yanapita kwenye simu, na kutoa kuna gharama. Hiyo nayo tuiandike. Tatu, ninyi wafadhili: mashine ya zamani tunaipokea kwa furaha, lakini tafadhali iwe na batri inayoshika.

Na yule kijana wa moto, kaye zake bado anazo. Tulimuuliza kama angerudi. Akanyamaza, kisha akatuuliza: "Mashine itakuwapo?" Mkutano ujao ndio utakaomjibu.