Lori la Chama na Adui Aliye Uvunguni



Lori la chama ni mali ya kila mkulima aliyekatwa senti katika kilo za mazao yake. Lakini bodi huweza kung'aa kwa rangi huku chasisi ikiliwa na kutu. Katika pwani ya Lindi na Mtwara hatari huzidi, kwani lori la korosho huenda likabeba pia chumvi na mbolea.

Chumvi huvuta unyevu wa hewani. Hivyo tope lenye chumvi hukilowesha chuma hata siku ya jua. Kutu huanzia kwenye maungio ya chasisi, springi na mabomba ya breki. Bomba likipasuka mteremkoni, kinachopotea si shehena tu, bali roho za watu.

Siku ile ile chumvi inaposhushwa, dereva na utingo waoshe uvungu kwa maji matamu, wazibue matundu ya kutolea maji, kisha waache pakauke. Chasisi yenye kutu ikwanguliwe kwa brashi ya waya, ndipo ipakwe rangi ya kuzuia kutu; rangi juu ya kutu huificha tu. Bomba la breki lililolika libadilishwe. Oili chafu isipakwe: huharibu mipira na kuchafua visima.

Katibu aandike kila uoshaji katika daftari la lori, na kamati ilikague kabla ya msimu. Kopo la rangi hulipwa mara moja. Chasisi iliyokatika wanachama huilipa msimu hata msimu.