Yubile, Baragumu na Udongo



Kwa miaka 50 kwaya hii imeimba, na leo tunamshukuru Mungu. Tulipokuwa tukijiandaa tulifungua Mambo ya Walawi 25, tujue yubile ni nini hasa. Tulidhani tutakuta karamu, tukakuta baragumu na shamba. Mwaka wa hamsini baragumu lilipigwa nchi nzima, kila mtu akarudi kwenye urithi wake, na ardhi ikapumzishwa. Sauti ilitangulia, udongo ukapata nafuu. Katika kanisa hili wenye kazi ya sauti ni sisi. Tukajiuliza: udongo wa Cheptais umepata nafuu gani kwa kuimba kwetu?

Jibu halikutupendeza. Siku moja tuliimba wimbo wa uumbaji, kanisa lote likasimama. Baada ya ibada mzee mmoja alituita kando, akasema: "Wanangu, mmeimba vizuri. Lakini kinanda hicho kilinunuliwa kwa mkaa." Alisema kweli. Tulipochangia kinanda, wengi wetu tulileta magunia ya mkaa, na miti yake ilikatwa kando ya kijito tunachoteka maji. Leo kiangazi kikikolea, kijito hicho hubaki mawe.

Wala hayo si maji yetu peke yetu. Mlima Elgon ni mojawapo ya misitu mitano mikuu inayoipa Kenya maji, pamoja na Mau, Aberdare, Cherangany na Mlima Kenya. Mto Malakisi na Mto Lwakhakha hutoka huku mlimani. Tukikata ovyo, anayeumia ni jirani wa bondeni, wa Kenya na wa Uganda.

Basi tulitunga wimbo. Hatukuanza na neno "mazingira", ambalo tumelizoea mikutanoni. Tulianza na majina. Wazee walitutajia miti iliyokuwa kando ya kijito, nasi tukaitia katika beti, kwa Kisabaot na Kiswahili. Vijana wetu wengi hawakuwa wamesikia hata nusu ya majina hayo. Mtoto husahau somo la ubaoni, lakini wimbo huenda nao hadi malishoni. Sasa watoto wa shule ya Jumapili huuimba wakienda kuteka maji, kisha hutuuliza: "Mti huu wa kwenye wimbo uko wapi?" Hotuba zetu zote hazijawahi kuleta swali kama hilo.

Swali hilo ndilo lililotupeleka kijitoni. Soprano, alto, tena na besi, kila sauti ilipewa sehemu yake ya ukingo. Tulipanda miche ya asili, si mikaratusi, kwa maana mikaratusi hunywa maji mengi. Daftari la kwaya halifichi kitu: kati ya miche 80, iliyo hai ni 31. Mingine ililiwa na mbuzi, mingine ilikauka huku sisi tukiwa mazoezini. Hata hivyo hatukati tamaa. Hayati Profesa Wangari Maathai alianza na miti 7 jijini Nairobi mwaka wa 1977, na mwaka wa 2004 akatunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Ombi letu ni moja. Baada ya ibada, kabla ya chakula, tushuke pamoja kijitoni. Miche 49 ya kujaza mapengo iko mlangoni. Mwenye nguvu abebe mmoja. Mzee aliyetukemea yuko nasi leo. Tungependa atusikilize tukiimba, kisha ashuke nasi akaihesabu miti mwenyewe.