Mtoto Mgeni Darasani
(Maneno tuliyosema mbele ya wanachama, Illasit)

Sisi ni walimu wa Kitengela. Ninyi wa Illasit mwakaa mpakani. Mtoto avukaye kutoka Tarakea amejifunza hesabu kwa Kiswahili, na akifika kwenu huikuta kwa Kiingereza. Si mjinga, ila lugha imebadilika. Basi habari ya watoto wa wakimbizi haitakuwa ngeni kwenu.

Kwetu walikuja watoto wa Kongo. Mmoja, wa miaka 12, alitoka Bukavu. Kwa kuwa hakujua Kiingereza tulimketisha darasa la kwanza, pamoja na watoto wa miaka 6. Aliposema anapenda kuja "ku masomo", yaani shuleni, darasa zima lilicheka, nasi hatukulikanya.

Siku moja alimaliza kazi mapema akajiandikia hesabu ya kugawanya: 84 kushoto, 7 kulia, na jibu chini ya 7. Tukamtia alama ya kosa. Mwalimu mwenzetu alipotazama akasema, "Jibu ni 12. Ni sawa." Kumbe kwao hugawanya hivyo, kwa desturi ya Kifaransa. Kosa lilikuwa letu. Tulimpeleka darasa la nne, karibu na mwenzake wa kumfasiria, lakini muhula mzima ulikwisha potea.

Wadogo wa chekechea hushika lugha wakicheza. Mkubwa huona haya, akanyamaza, na mwisho haji tena.

Katiba ya 2010, kifungu cha 53, yampa kila mtoto elimu ya msingi, ya bure na ya lazima. Haikusema mtoto wa raia peke yake. Lakini mwalimu mwenye darasa lililojaa hana wasaa wa kumpima mgeni mmoja mmoja. Kwa hiyo chama kidai mambo mawili: mtoto apimwe kwa lugha aijuayo kabla ya kupangiwa darasa, na walimu waongezwe penye wageni wengi.

Mwalimu wa chekechea ameajiriwa na kaunti, wa msingi na TSC. Mtoto ni yule yule. Waajiri wawili wasitugawe.

Na wakati tunangoja majibu yao, ndugu, kabla ya kumtia mtoto alama ya kosa, tumwulize kwanza amefikaje kwenye jibu lake.