Nyaraka Zetu Katika Kompyuta: Maneno ya Kuyaelewa Kabla ya Kuulizwa

Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa wajumbe wa kamati za maendeleo za sharika, katika semina iliyofanyika Mpanda, mkoa wa Katavi



Nimeombwa nizungumzie utunzaji wa nyaraka katika kompyuta na simu. Najua baada ya chakula cha mchana somo hili linaweza kuwapa usingizi. Kwa hiyo nitaanza na barua.

Miaka michache iliyopita tulichimba visima viwili katika vijiji vilivyo nje ya mji huu. Mkataba ulitaja mita 80 kwa kila kisima. Kiangazi kilipofika, vyote viwili vilikauka. Tulipopima tukakuta havikufika mita 60. Tukazuia malipo ya mwisho. Haukupita mwezi tukapokea barua ya wakili wa mkandarasi. Alisema kamati yetu ilikubali kina kipunguzwe, na akatutaka tutoe "nyaraka zote za kielektroniki za mradi, katika hali yake ya asili, pamoja na metadata, kutoka kwa kila mshika nyaraka".

Ndugu wajumbe, nina shahada, lakini sentensi ile niliisoma mara tatu bila kuielewa. Nikafanya nilichokijua: nikachapisha kurasa zaidi ya 200, nikazifunga kwa kamba, nikazipeleka. Zikarudishwa. Wakili hakuwa ameomba karatasi.

Ufichuaji ni nini

Katika kesi za madai kuna hatua ambapo kila upande huuonyesha upande wa pili nyaraka ulizonazo zinazohusu ugomvi, hata zile zisizoufurahisha. Zamani nyaraka hizo zilikuwa mafaili ya kabati. Leo ni barua pepe, majedwali ya hesabu, picha, na ujumbe wa simu. Kuzitafuta, kuzilinda, kuzichambua na kuzikabidhi ndiko ninakokuita ufichuaji wa nyaraka za kielektroniki.

Msidhani ni mambo ya Ulaya tu. Majirani zetu wa Kenya walifanya uchaguzi wa Rais tarehe 8 Agosti 2017, na matokeo yakapingwa katika Mahakama ya Juu. Tarehe 28 Agosti mahakama iliagiza Tume ya Uchaguzi iwaruhusu walalamikaji kukagua seva zake na kumbukumbu za nani aliingia humo na lini. Mahakama iliona kuwa agizo hilo halikutekelezwa kikamilifu, na ikaihesabu hali hiyo dhidi ya Tume. Tarehe 1 Septemba uchaguzi ulifutwa, majaji wanne wakikubali na wawili wakipinga. Kulikuwa na hoja nyingine pia, lakini fundisho kwetu ni hili: asiyeweza kuonyesha kumbukumbu zake huacha wengine waeleze yaliyotokea.

Hapa kwetu, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kifungu cha 18, inasema ushahidi usikataliwe kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Lakini kukubaliwa si kuaminiwa. Katika kuupima uzito wake, mahakama hutazama ulitengenezwa, ukatunzwa na kutumwa kwa njia ya kuaminika kiasi gani, ulilindwaje usibadilishwe, na aliyeutoa anatambulikaje. Maneno yote nitakayoeleza sasa yanajibu maswali hayo matatu.

Maneno yenyewe

*Metadata* ni habari kuhusu waraka. Mzigo ukipandishwa treni hapa Mpanda kwenda Tabora huwa na hati yake: nani ametuma, lini, uzito gani, unapokelewa na nani. Hati hiyo si mzigo, lakini bila hiyo hamjui mzigo ni wa nani. Kila faili la kompyuta lina hati yake: lilitengenezwa lini, na nani, lilibadilishwa mwisho lini. Unapochapisha karatasi, mzigo umefika lakini hati umeiacha stesheni. Ndiyo maana kurasa zangu 200 zilirudi.

*Faili la asili* ni faili lenyewe katika umbo lililotengenezwa nalo. Jedwali la hesabu likiwa faili la asili laonyesha hata kanuni za kujumlisha. Likiwa picha ya PDF, laonyesha jumla tu.

Hapa inanipasa kukiri kosa langu. Msimamizi wa uchimbaji alikuwa amenitumia jedwali la vipimo vya kila siku. Barua ya wakili ilipofika, nililifungua kwenye kompyuta yangu, nikapanga safu vizuri, nikabadilisha rangi, nikahifadhi. Sikugusa tarakimu hata moja. Lakini tangu dakika ile faili lilisema lilibadilishwa mwisho *baada* ya ugomvi kuanza, na mikononi mwa mtu mwenye maslahi. Nilikuwa nimeuchafua ushahidi wetu kwa nia ya kuusafisha.

*Mshika nyaraka* ni mtu ambaye nyaraka ziko kwake, hata kama si mkubwa. Tulifikiri mshika nyaraka wa mradi ni ofisi. Kumbe alikuwa pia mwenyekiti wa kamati ya kijiji na simu yake, mweka hazina na barua pepe yake, na kijana aliyepiga picha. Swali la kwanza katika mradi wowote liwe: nani anashika nini?

*Zuio la kufuta* ni agizo kwamba, tangu siku mnapohisi ugomvi unakuja, mtu yeyote asifute, asibadilishe, asitupe. Jambo hili lilipata umaarufu Marekani. Mwanamke aitwaye Laura Zubulake aliishtaki benki ya UBS iliyokuwa imemwajiri. Ikagundulika kwamba baadhi ya barua pepe zilifutwa ingawa wafanyakazi walikuwa wameagizwa kuzitunza. Jaji akawaruhusu wazee wa baraza kudhani kuwa zilizopotea zingeidhuru benki. Mwaka 2005 walimpa zaidi ya dola milioni 29. Desemba 2006 kanuni za mahakama za shirikisho za huko zikarekebishwa ili zitaje waziwazi taarifa za kielektroniki.

Kwetu sisi hakuna aliyetoa zuio. Mkandarasi alileta picha ya skrini ya simu inayoonyesha ujumbe wake kwa mwenyekiti wa kijiji: "Tumekutana na mwamba, tunaomba tuishie hapa." Mwenyekiti aliapa kwamba alijibu, "Subirini, tukae kikao kwanza." Jibu hilo halikuwamo katika ile picha. Tukasema, tuone simu yako, mzee. Alikuwa amempa mjukuu wake anayesoma sekondari, na kijana akaifuta yote ili aanze upya. Mzee yule ni mwaminifu, lakini uaminifu wake haukuwa na kumbukumbu.

*Nakala rudufu* na *hifadhi ya kudumu* ni vitu viwili ambavyo huchanganywa sana. Nakala rudufu ni tairi la akiba: kompyuta ikiibiwa au ikiungua umeme unapocheza, mnaendelea na safari. Hubadilishwa kila wiki. Hifadhi ya kudumu ni sanduku la vyeti: kilichoingia hakiguswi tena. Flashi moja inayozunguka sharika nne, yenye nyimbo za kwaya na hesabu za mradi pamoja, haiwi nakala rudufu wala hifadhi.

*Skani yenye kusomeka.* Kuskani karatasi kunatoa picha tu, na kompyuta haiwezi kutafuta neno ndani ya picha. Ipo programu ya kutambua herufi, inayoigeuza picha kuwa maandishi yanayotafutika. Hufanya vizuri kwa maandishi ya taipu, na hukosea sana kwa mwandiko wa mkono, kwa hiyo lazima mtu asome tena. Nawakumbusha pia kwamba risiti za EFD huchapwa kwa joto na hufifia. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe kwa miaka mitano. Risiti iliyoachwa juani kwenye dashibodi haifiki huko. Iskanini wiki ileile.

*Heshi* ni kama alama ya kidole ya faili. Programu hulisoma faili zima na kutoa mfululizo wa herufi na tarakimu. Kwa njia iitwayo SHA-256 huwa ni 64. Ukibadilisha nukta moja, mfululizo wote hubadilika. Kwa hiyo ukiandika heshi kwenye muhtasari wa kikao leo, miaka mitatu baadaye mtu yeyote anaweza kuhakiki kwamba faili ni lilelile. Si lazima ninyi wenyewe muihesabu. Kijana wa kompyuta ataifanya kwa dakika moja.

*Mnyororo wa makabidhiano* ni orodha ya kila mkono uliopitiwa na waraka au simu: nani alimpa nani, lini, kwa sababu gani. Pete moja ikikatika, wakili wa upande wa pili ataingia hapo.

*Kusitiri* ni kuficha majina kabla ya kutoa waraka. Tuna orodha za yatima na za wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inatubana tusizitawanye hovyo. Lakini jihadharini: kuweka kisanduku cheusi juu ya jina hakulifuti. Januari 2019 mawakili wa Paul Manafort huko Marekani waliwasilisha mahakamani waraka wa PDF wenye visanduku vyeusi. Waandishi wa habari wakanakili maandishi ya chini yake na kuyasoma yote. Futeni jina lenyewe katika nakala, kisha ndipo mtoe.

Kilichotuokoa

Mama mweka hazina wetu hakuwahi kuhudhuria semina ya kompyuta. Lakini yeye pia alikuwa amepelekewa jedwali lile la vipimo kwa barua pepe, na hakulifungua kwa sababu, kwa maneno yake, "mambo ya mita si yangu". Lilikuwa limekaa katika sanduku lake la barua vilevile lilivyofika, likiwa na tarehe na jina la aliyetuma. Pia alikuwa na daftari la kaunta ambamo aliandika kila siku gari la wachimbaji lilipofika na kuondoka. Faili na daftari vilipolinganishwa, siku zilikubaliana.

Mbele ya msuluhishi, mkandarasi alikubali kurudi kuchimba kisima kimoja kwa gharama yake. Kile cha pili, ambacho ushahidi wake ulikuwa kwenye simu ya mzee, tulikipoteza. Akina mama wa kijiji kile wanafuata maji mbali mpaka leo.

Sisi wa Katavi hatuhitaji kufundishwa uzito wa waraka. Katumba na Mishamo wapo ndugu waliokimbia Burundi mwaka 1972, na mwaka 2014 ndipo vyeti vya uraia vya Tanzania vilipoanza kutolewa kwa watu zaidi ya 160,000, wakiwamo wa makazi hayo na watoto wao. Miaka zaidi ya 40 ilisubiri karatasi moja. Tusichezee nyaraka kwa sababu tu sasa ziko ndani ya simu.

Naomba tukubaliane haya

1. Kila mradi uwe na orodha ya washika nyaraka, isomwe kikaoni.
2. Mazungumzo ya mradi kwa simu yahamishwe kila mwezi na kutunzwa ofisini yote, si picha ya skrini ya vipande.
3. Faili lililopokelewa liwekwe nakala isiyoguswa. Mwenye kutaka kupanga safu afanye hivyo kwenye nakala nyingine.
4. Ugomvi ukinukia tu, mwenyekiti atoe zuio la kufuta kwa maandishi, siku hiyohiyo.
5. Daftari la kaunta lisiachwe.

Kwa ndugu zetu wafadhili nina ombi moja. Bajeti hulipia bomba na saruji, na safu ya kumbukumbu hukatwa kwanza. Diski ngumu ya nje na skana ya kawaida ni gharama ndogo mno ukilinganisha na kisima. Naomba safu hiyo isikatwe tena.

Nami jedwali langu lenye rangi bado ninalo. Sijalifuta. Nalionyesha kwa kila mratibu mpya anayeanza kazi.