GHARAMA YA KUIPOKEA HAKI YAKO
Hotuba ya Mweka Hazina katika Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Kumi, Karatu



Nimepewa heshima ya kusema juu ya fedha katika siku ya furaha, nami najua kuwa mtu wa hesabu hapendwi sana karamuni. Nitajitahidi pilau isipoe.

Katika miaka hii kumi tumezungumza mno juu ya bei ya kahawa, na juu ya lumbesa za vitunguu kule Mang'ola, na ilitupasa. Lakini liko jambo ambalo limepita kimya katika mikutano yetu, nalo ni kiasi anacholipa mkulima ili aitie mkononi fedha ambayo ni yake tayari.

Mtakumbuka kwamba tarehe 15 Julai 2021 ilianza tozo ya miamala ya simu, tangu shilingi 10 hata shilingi 10,000 kwa kila mara ya kutuma au kutoa. Kusudi lake halikuwa baya, maana ilitajwa kuwa ya madarasa na vituo vya afya. Hata hivyo nchi nzima ililalamika, na mwezi Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30. Mwaka 2022 ikaingia hata katika benki. Malalamiko yakarudi, na tarehe 20 Septemba Waziri wa Fedha, Dkt. Mwigulu Nchemba, akalitangazia Bunge kufutwa kwa sehemu yake kuanzia Oktoba mosi. Mwaka 2023 kutuma kwa simu kukaondolewa tozo hiyo.

Tulishangilia, tukadhani jambo limekwisha. Halikwisha. Tozo ilikuwa ya Serikali. Ada ya benki na ya kampuni ya simu ilikuwapo kabla yake, nayo ipo hata leo.

Chukueni mfano tu. Tuseme ada ya kutoa fedha ni shilingi 2,000. Mwenye kutoa shilingi 2,000,000 hupoteza moja katika elfu, wala hahisi. Mwenye kutoa shilingi 40,000 hupoteza tano katika kila mia. Sasa mama huyu tumlipe kahawa yake kwa mafungu matano, kama tulivyokuwa tukifanya sisi wenyewe, naye alipe ada mara tano, na nauli ya kutoka Rhotia hadi mjini mara tano. Si benki pekee iliyomla. Ratiba yetu nayo imemla. Nasema haya nikiwa miongoni mwa walioitia sahihi ratiba hiyo.

Wako wazee wasemao turudie desturi ya kale, karani aketi na sanduku lake chini ya mti, alipe taslimu. Nawaelewa, maana taslimu haina ada. Lakini Tume ya Rais iliyochunguza vyama vya ushirika mwaka 1966 ilikuta udanganyifu katika vyama, na wanachama wasiojua haki zao. Mwaka 1976 vyama vikuu vikavunjwa, visirudi mpaka kwa sheria ya mwaka 1982. Fedha ipitayo benki huacha alama. Ipitayo sandukuni huacha maneno.

Kwa hiyo Kamati yaleta hoja hii: malipo ya msimu yawe mafungu mawili tu, na ada ya kuyapokea ilipwe na Chama kutoka katika ushuru wetu. Kadhalika Katibu aandikie benki tatu, pamoja na Benki ya Ushirika iliyozinduliwa Dodoma mwezi Aprili 2025, aulize zitatutoza nini tukija kama wateja wa pamoja. Mtu mmoja huambiwa bei. Watu mia nne huulizwa wanataka nini.

Wenye mashamba makubwa wamenijia faraghani, wakisema ushuru wao utawalipia wadogo ada. Ni kweli, sitaki kuwaficha. Lakini bila magunia ya wadogo lori letu lisingejaa, na nauli ya lori nusu tupu ingewaangukia wao.

Fungu la pili litachelewa kuliko mlivyozoea, labda kwa majuma sita, na wapo watakaobanwa na ada za shule mwezi Januari. Dawa ya hilo bado hatunayo. Wenye shauri waseme kabla ya kura.

Karatasi za kura Katibu atazigawa kabla ya chakula, si baada yake.