Risasi Inayomlinda Mpasuaji

Wasikilizaji, neno risasi kwa mtu wa Kisangani halihitaji maelezo. Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana siku 6 mjini humu, madaktari walizitoa miilini mwa watu. Leo nazungumzia risasi nyingine: metali nzito iliyomo ndani ya aproni ya mpasuaji.

Kijana ameanguka na pikipiki, paja limevunjika. Daktari anayeunga mfupa lazima aone chuma kinapita wapi, basi anakanyaga pedali, eksirei inawaka. Mgonjwa hupitia hayo pengine mara moja maishani. Daktari na muuguzi aliyeshika mguu ni leo, kesho, keshokutwa. Na kinachowafikia zaidi ni mionzi inayogonga mwili wa mgonjwa na kutawanyika, bila harufu, bila maumivu.

Jicho ndilo linalonitia hofu. Mwaka 2011 Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi ilishusha kikomo cha dozi ya mionzi kwenye lenzi ya jicho kutoka milisiveti 150 kwa mwaka hadi wastani wa 20, kwa sababu mtoto wa jicho huweza kuletwa na dozi ndogo kuliko ilivyodhaniwa.

Kinga nyingine haina bei: ukisogea mbali na mgonjwa kutoka mita 1 hadi 2, mionzi hupungua hadi karibu robo. Aproni nayo itundikwe. Ikikunjwa, huweza kupasuka ndani huku kitambaa kikionekana kizima.

Naziomba hospitali za jimbo letu la Tshopo: kila anayeingia chumba cha upasuaji chenye eksirei, hata mwanafunzi, avae kipimo cha mionzi, na aonyeshwe namba ya dozi yake.